Jani Moja, Makopo Kumi: Ua la Tanga Lililoteka Madirisha ya Dunia Bila Hela Nyingi

Pita kando ya barabara yoyote kubwa ya Dar, Arusha au Nairobi jioni, utawakuta wauza maua wamepanga vyungu vyao hadi pembezoni mwa lami. Waridi, bogenvilia, vimea vya ndani vyenye majani mapana, vyote vimemwagiwa maji vinang'aa. Kijana aliyehamia chumba na sebule anashuka kwenye bodaboda, anauliza bei ya chungu kimoja, halafu bei ya mmea, halafu bei ya udongo. Akijumlisha, kodi ya mwezi inaanza kumchungulia. Anapiga picha mbili za kuweka status, anaondoka mikono mitupu.

Mjini maua yamekuwa kama kitu cha watu wenye nafasi. Ukiwa na balkoni ya kupendeza, watu wanajua mambo yako safi. Lakini kuna ua moja dogo ambalo limeivuruga hesabu hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Limekaa kwenye madirisha ya mabibi wa Marekani, wafanyakazi wa Ujerumani na wapangaji wa vyumba vya Uingereza, wengi wao wakilipata bure. Wauza maua wamejaribu kulifanya bidhaa ya kifahari na wameshindwa mara kadhaa. Na cha kufurahisha, kwao si London wala Los Angeles. Kwao ni Tanga.

Wazungu wanaliita African violet. Wajerumani wanalitaja kwa jina la milima yenyewe: Usambaraveilchen, yaani ua la urujuani la Usambara.

Kwanza, ua linakuwaje ghali?

Ili kuelewa ujanja wa ua la Usambara, turudi Uholanzi ya miaka ya 1630. Huko watu walichanganyikiwa na tulipu. Yale maua yenye michirizi ya rangi mbili ndiyo yaliyokuwa dili la mjini. Kitunguu kimoja cha tulipu adimu kiliweza kuuzwa kwa pesa ambayo fundi hakuweza kuikusanya kwa miaka. Watu walinunua vitunguu ambavyo bado vilikuwa ardhini, wakauziana karatasi tu, mpaka Februari 1637 wanunuzi wakaacha kutokea mnadani na bei zikaporomoka. Kama umewahi kumwona mshikaji akinunua sarafu ya mtandaoni kwa sababu "itapanda tu", hadithi hii si ngeni kwako.

Lakini bei ile haikutokana na wazimu peke yake. Tulipu ikipandwa kwa mbegu inachukua miaka kama 7 kutoa ua. Njia nyingine ni kusubiri kitunguu kizae vitunguu vidogo pembeni, na kwa mwaka vinatoka vichache. Ile michirizi iliyopendwa, kumbe ilisababishwa na virusi vilivyoudhoofisha mmea, hivyo tulipu nzuri kuliko zote ndizo zilizozaa taratibu kuliko zote. Aliyekuwa nacho alikuwa nacho, na jirani hakuwa na njia ya kukipata isipokuwa kulipa.

Kwa hiyo siri ya bei ya ua iko hapa: linazaliana kwa kasi gani, na mikononi mwa nani? Ua ambalo mtu yeyote anaweza kulizalisha jikoni kwake ni vigumu kuliwekea bei ya juu kwa muda mrefu. Mfanyabiashara atauza la kwanza. La pili litazaliwa nyumbani kwa mteja.

Lilikuwepo kabla ya kupewa jina

Msitu wa Usambara Mashariki una unyevu mwaka mzima. Upepo wa Bahari ya Hindi unapanda milima, unamwaga mvua, na chini ya miti mirefu mwanga unafika kwa kuchujwa. Hapo, kwenye nyufa za miamba na kingo za vijito, ndipo ua hili linapoishi. Majani yake ni mazito, yana vinyweleo laini kama kitambaa cha mahameli, yamejipanga duara. Katikati vinatoka vikonyo vyembamba vyenye maua ya bluu ya zambarau na nukta za njano. Jamaa zake wanapatikana pia Kenya: wengine kwenye kilima cha Mbololo huko Taita, wengine kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi.

Watu wa Usambara na wa ukanda wa Tanga waliishi na mmea huo vizazi kwa vizazi. Walijua njia za msituni, walijua mto upi unajaa mwezi gani na mti upi ni dawa. Mzungu hakuwatambulisha wao kwenye mlima wao.

Wa kwanza kupeleka vielelezo vya ua hilo Uingereza walikuwa watu ambao majina yao yanafahamika kwa mambo mengine kabisa. Mmoja alikuwa John Kirk, balozi wa Uingereza kisiwani Zanzibar, mwaka 1884. Mwingine, mwaka 1887, alikuwa mmisionari W. E. Taylor, yuleyule aliyekusanya methali za Kiswahili na mashairi ya Muyaka kule Mombasa. Vielelezo vilifika bustani ya Kew vikiwa vimekauka, havikutosha kuutangaza mmea mpya. Vikabaki kwenye makabati.

Baroni, baba yake na barua

Halafu akaja afisa wa Kijerumani. Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya upande wa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Huyu bwana Kiswahili alikijua, maana alishaandika kitabu cha kuwafundisha Wajerumani lugha hiyo kilichotoka mwaka 1890. Alipenda mimea, na baba yake huko Ujerumani alikuwa mpenzi mkubwa wa bustani. Alipoliona ua lile, akalituma nyumbani.

Baba akalipeleka kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover. Wendland akalichunguza, na mwaka 1893 akalitangaza kwa jina la kisayansi Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni heshima kwa familia ya baroni. Ya pili ni maneno ya Kigiriki yanayosema kwamba maua yake yanafanana na urujuani. Kwamba lilitoka Usambara, jina halikusema. Kwamba kuna watu waliomwongoza mgeni kwenye njia za msitu ule, jina halikusema pia.

Tukumbuke hali ya pwani wakati huo. Abushiri aliongoza vita dhidi ya Wajerumani, na mwishoni mwa 1889 akanyongwa Pangani. Miaka miwili mitatu baadaye, afisa wa serikali ileile anapeleka ua kwa baba yake. Hakuna aliyeombwa ruhusa, na hakukuwa na sheria ya dunia iliyomtaka mtu yeyote aombe.

Mkonge uliingia, ua likatoka

Mwaka huohuo wa 1893 kuna safari nyingine ya mimea iliyotokea, safari hii ikielekea upande wa Tanga. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Njiani mingi ilikufa. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu.

Miche 62. Ingekuwa ni tulipu, stori ingeishia hapo. Lakini mkonge una tabia ya kutoa vichipukizi vingi ambavyo vinakuwa miche kamili, nakala ya mama yao. Ile 62 ikazaa mashamba yaliyofunika Tanga na Morogoro, na kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza dunia kwa mkonge.

Hapa ndipo vichekesho vya historia vinapoingia. Mkonge asili yake ni Mexico, ukawa jina la Tanga. Ua asili yake ni Tanga, likawa pambo la Ulaya. Yote mawili yalifanikiwa kwa sababu moja: mimea yote miwili inajinakili yenyewe. Tofauti ni kwamba mkonge ulihitaji ardhi kubwa, reli na maelfu ya manamba wa kukata majani juani, kwa hiyo faida ilienda kwa mwenye shamba. Ua lilihitaji kikombe na dirisha tu.

Enzi ya nyumba za vioo

Mwanzoni ua la Usambara halikuwa la kila mtu. Mwaka 1893 lilionyeshwa kwenye maonyesho ya maua ya Ghent, Ubelgiji, na watu wakalipenda. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary wa Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake. Lakini mbegu ni ndogo kama vumbi, zinataka joto na unyevu, na miche yake ni ya kubembeleza. Aliyeweza ni mwenye nyumba ya vioo na mtunza bustani wa kuajiriwa.

Nyumba za watu wa kawaida Ulaya na Marekani zilikuwa na shida nyingine. Baridi ya usiku iliingia mpaka ndani, na taa za gesi zilitoa hewa iliyodhuru mimea. Kwa miaka kama thelathini hivi, ua lililozoea kivuli cha bure cha Usambara likawa linaishi kwenye vioo vya matajiri.

Mabadiliko yakaja kwa njia mbili. Umeme ukachukua nafasi ya taa za gesi, na nyumba zikaanza kupashwa joto vizuri. Ghafla, sebule ya mfanyakazi wa kawaida ikawa na hali ya hewa inayokaribiana na ile ya chini ya miti ya Amani: joto la wastani, mwanga usio mkali.

Halafu, mnamo 1926, kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles ikaagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche ipatayo elfu moja, ikachagua kumi bora. Moja kati ya hizo kumi iliitwa Blue Boy. Huyu Blue Boy alikuwa na tabia ya kubadilika-badilika mwenyewe: leo bluu, kesho tawi lake limetoa maua yenye petali nyingi, siku nyingine rangi ya pinki. Kutoka kumi zile zikaja aina mpya bila hesabu.

Wasio na majina wanaingia kazini

Hapo ndipo stori inapowafikia watu ambao hakuna kitabu cha historia kilichowapa ukurasa.

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Benki zikafungwa, watu wakapoteza kazi, na kununua maua likawa jambo la kuchekesha. Katika miaka hiyo migumu na ile ya vita iliyofuata, ua la Usambara halikufa sokoni. Lilisambaa.

Lilisambaaje? Kwa jani. Ukikata jani moja lenye kikonyo chake, ukakichomeka kwenye udongo wenye unyevu au ukakiweka kwenye maji, linaota mizizi. Wiki kadhaa baadaye, chini ya jani vinachomoza vimche vidogo kama masikio ya panya. Kila kimoja ni nakala kamili ya mama. Hakuna mbegu, hakuna nyumba ya vioo, hakuna mtaalamu.

Kwa hiyo mama mmoja alinunua chungu kimoja, halafu jirani akaomba jani. Jirani akampa dada yake. Dada akalifunga kwenye karatasi yenye unyevunyevu, akalitia kwenye bahasha, akalituma kwa posta mji mwingine kwa bei ya stempu. Wanawake walibadilishana majani kanisani, kazini na kwenye vibaraza. Vyungu? Kopo la kahawa, kikombe kilichovunjika mkono, bakuli lililopata ufa. Fasheni ya maua madirishani ilijengwa na watu waliokuwa wanahesabu senti.

Ukitazama kwa jicho la biashara, hii ilikuwa balaa. Kila mteja akawa kiwanda. Lakini kumbe balaa hilo ndilo lililoifanya biashara ikue. Aliyepewa jani la bluu bure akatamani la pinki, akaenda dukani. Kufikia 1946 wapenzi wa ua hili Marekani walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao cha kitaifa, ambacho kipo hadi leo na kina mashindano yake, majaji wake na orodha ya aina zilizosajiliwa kwa maelfu.

Sheria ikajaribu kufunga dirisha

Wazalishaji walishaliona tatizo. Mwaka 1930 Marekani ilipitisha sheria ya hataza za mimea. Mtu akizalisha aina mpya ya mmea unaonakiliwa kwa vipando, angeweza kupewa haki ya kuwazuia wengine kuunakili na kuuuza kwa miaka 17. Sheria ina mantiki yake. Mtu amekaa miaka anachavusha maua kwa brashi ndogo, ametupa mamia yasiyofaa, amepata moja la ajabu. Si haki mwingine alinunue kwa bei ya soda kisha afungue duka la kumpinga.

Lakini kwenye ua ambalo jani lake linaingia kwenye pochi, sheria hiyo inaweza kumbana mwenye kitalu kikubwa. Bibi mwenye madirisha mawili ni habari nyingine. Majani yameendelea kutembea.

Na kuna swali ambalo sheria ya 1930 haikuligusa. Aliyebuni rangi mpya alilindwa. Mlima uliotoa mmea wa kwanza haukulindwa na chochote. Ilibidi isubiriwe hadi 1992, miaka mia moja hivi baada ya barua ya baroni, ndipo Mkataba wa Bioanuwai uliofunguliwa Rio de Janeiro ukasema wazi kwamba nchi ina mamlaka juu ya rasilimali za mimea na wanyama wake, na faida igawanywe kwa haki. Mkataba haurudi nyuma kudai ya 1893. Maua yaliyokuwa yameshajaa madirishani yakabaki hukohuko, na pesa zake pia.

Huku kwetu kopo lilishakuwa na kazi

Usidhani ujanja wa kupanda ua kwenye kopo ulitoka kwa Wamarekani. Kwenye miji ya zamani ya pwani, Zanzibar, Lamu, Mombasa, Tanga, nyumba zimebanana, mtaa ni upenyo wa watu wawili, na bustani ni ndoto. Lakini bila asumini hakuna kikuba, na bila mrehani kikuba hakikamiliki. Kwa hiyo mimea ilipanda juu: kwenye madari, vibarazani, uani karibu na karo ambako maji ya kuogea yalimwagikia.

Mafuta ya taa yalipoanza kuletwa kwenye madebe ya bati, debe likageuka kila kitu. Lilichotewa maji, lilipimiwa mahindi, likakunjuliwa likawa ukuta na paa. Likitoboka, likajazwa udongo na kupandwa mrehani. Baadaye yakaja makopo ya maziwa ya unga, ya siagi na ya rangi, halafu ndoo za plastiki. Hao akina bibi hawakuita "container gardening". Waliita kutotupa kitu.

Kwa hiyo yule kijana wa bodaboda anayeona aibu kuweka ua kwenye kopo la Blue Band, kisa mitandaoni vyungu vyote ni vyeupe vinavyofanana, amesahau utamaduni wake mwenyewe.

Hesabu yenyewe ikoje?

Tuseme umenunua mche mmoja wa ua hili kitaluni, au rafiki amekupa. Mche wenye afya unaweza kutoa majani matatu bila kuumia. Chagua la katikati, si lile la nje lililozeeka wala lile changa la moyoni. Kata kikonyo kiasi cha sentimita 3 kwa wembe safi, kwa mshazari. Chomeka kwenye udongo mwepesi: mboji, mchanga kidogo na chenga za mkaa au nyuzi za makumbi ya nazi. Mwagia udongo maji ya moto kabla na uuache upoe, unapunguza wadudu na ukungu bila kununua dawa.

Funika kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa nusu. Hiyo ndiyo nyumba yako ya vioo, ileile iliyowagharimu matajiri wa Erfurt. Weka mahali penye mwanga lakini jua lisilipige moja kwa moja. Mizizi inatoka ndani ya wiki tatu nne, vimche vinaonekana baada ya miezi miwili au mitatu. Kila jani likikupa vimche vitatu, una makopo tisa. Ongeza mama yao, kumi.

Na hapa kuna habari njema kwa mfuko: ua hili halipendi chungu kikubwa. Mizizi yake ni mifupi. Kanuni ya wazoefu ni chungu chenye upana wa theluthi moja ya upana wa mmea. Kikombe cha mtindi kilichotobolewa chini kinamfaa kuliko chungu cha bei mbaya, ambacho kitashika maji mengi na kuozesha mizizi. Wengi wanaoua mimea yao mjini wanaiua kwa kuipenda sana, maji asubuhi, maji jioni. Subiri udongo wa juu ukauke. Mwagia chini au pembeni, maana maji ya baridi yakitua kwenye majani yanaacha mabaka.

Dar inataka akili kidogo. Joto likipanda kupita nyuzi 30 ua linagoma kuchanua, hivyo chumba chenye hewa na dirisha lisilo la magharibi ndiyo pona yake. Lushoto, Arusha, Njombe, Mbeya na Nairobi mko kwenye hali ya hewa inayolikubali zaidi. Kama liko mbele ya jua kali na unataka lazima kopo lako lipendeze, panda kitu kingine cha kipando: asumini, bogenvilia, au mrehani wa bibi. Vyote hivyo huombwa kwa jirani, havinunuliwi.

Lakini msituni usiende na wembe

Sasa sehemu isiyo na mzaha. Wakati ua hili linazaliana kwa mamilioni duniani, ndugu zake wa porini wanabanwa. Kuanzia enzi za Mjerumani misitu ya Usambara ilifyekwa kwa ajili ya kahawa, baadaye chai, na magogo yakavunwa kwa ajili ya mbao hadi miaka ya 1980. Mti mkubwa ukianguka, kivuli kinaondoka. Mwamba uliokuwa na unyevu unakauka, na ua linakufa bila mtu kulikanyaga. Aina nyingine za porini zinapatikana kwenye eneo dogo sana, mlima mmoja au bonde moja tu, zikipotea hapo zimepotea duniani.

Ndiyo maana mwaka 1997 msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Wageni wanatoka mbali kuja kuliona ua ambalo bibi zao walikuwa nalo dirishani, safari hii likiwa kwenye mwamba wake lenyewe. Wanaowaongoza kwenye njia hizo ni vijana wa vijiji vya hapohapo, na safari hii wanalipwa.

Kwa hiyo ukienda Amani, piga picha, tembeza macho, acha majani yalipo. Mmea wa porini ukihamishiwa chumbani kwako una nafasi kubwa ya kufa, na msitu unapoteza kitu ambacho hauwezi kukiagiza kwa posta. Ule wa kitaluni umezoea kukaa na watu kwa zaidi ya miaka mia moja, unatosha.

Mwaka 2015 wanasayansi wakalivua ua hili jina la baroni. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba ni tawi tu la ukoo mkubwa unaoitwa Streptocarpus, na Saintpaulia ikashushwa ikawa jina la kikundi kidogo ndani yake. Madukani bado wanauza kwa majina ya zamani. Jina la Usambara limedumu mdomoni mwa Wajerumani, ambao hadi leo bibi akimwomba jirani yake jani, anaitaja milima ya Tanga, hata kama hajui iko nchi gani.

Huku Tanga yenyewe, na Dar, na Arusha, ua hilo bado wengi wanaliona kama la kizungu, la kununua kwenye kitalu cha watu wenye hela. Linahitaji mtu mmoja tu kwenye ghorofa au uani mwenye kopo lake dirishani, na jirani asiyeona haya kugonga mlango kuomba jani.